Gitaa la Guild F-412 linapougua: pima kwanza, spana baadaye

Mwenye gitaa la nyuzi sita akiona nyuzi zimepanda juu ya freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni), hufungua kile kifuniko kidogo cha kichwani, akaingiza spana, akazungusha kidogo, akafunga, basi. Akija kufanya hivyo hivyo kwenye Guild F-412 anakuta nati mbili zimelala sambamba. Hapo ndipo safari ya kwa fundi huanza, maana wengi huchagua moja wakaikaza kwa nguvu zote.

F-412 ni jumbo, yaani gitaa la mwili mkubwa, la nyuzi 12 zilizopangwa jozi sita. Ninayoyazungumzia hapa ni yale ya miaka ya 1970 kutoka kiwanda cha Guild cha Westerly, Rhode Island, Marekani. Kampuni yenyewe ilianzishwa New York mwaka 1952 na Alfred Dronge, ikahamia Hoboken, New Jersey, mwaka 1956, kisha ikaenda Westerly na kukaa huko hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2001. Kwa hiyo gitaa ulilo nalo lina umri wa kuwa babu wa mtu. Likilalamika goti, usishangae.

Mambo matatu yanalitofautisha na gitaa kavu la kawaida, na yote matatu yanabadilisha namna ya kutafuta ugonjwa. La kwanza ni vyuma viwili vilivyo ndani ya shingo, kila kimoja na nati yake, vinavyoizuia isipindwe na nyuzi. La pili ni mgongo. Uso ni wa sprusi, lakini mgongo ni wa mepo uliobinuka kwa nje kama kuba la msikiti: tabaka nyembamba zilizogundishwa pamoja na kubanwa kwenye kalibu mpaka zikashika umbo. Kuba halihitaji nguzo katikati, na mgongo huu nao hauna hata ubavu mmoja wa mbao kwa ndani. La tatu ni mzigo. Nyuzi 12 nyepesi, zile za seti ambayo uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.010, zikityuniwa mpaka E huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 100. Seti nyepesi ya nyuzi sita huvuta kama kilo 70. Ni sawa na mtu mnene aliyening'inia kichwani mwa gitaa usiku na mchana kwa nusu karne. Kwa hiyo kila dalili utakayoisoma hapa chini, mimi huanza na swali moja: mzigo umelemea wapi?

Vifaa ni vichache. Rula ya chuma ndefu iliyonyooka kweli, tochi, kioo kidogo kama cha daktari wa meno (kamera ya simu hufaa pia), kipande cha karatasi laini, na uzi mmoja mzee wa 0.010. Huo uzi usiutupe. Unene wake ni robo milimita, na ndicho kipimo nitakachokutaka ukitumie. Tyuni gitaa kwenye sauti unayolipigia kila siku kabla ya kupima chochote. Ukipima nyuzi zikiwa zimelegea umepima gitaa lingine.

Nyuzi ziko juu, vidole vinauma

Dalili hii ina vyanzo vinne, na tiba ya kimoja ni sumu kwa kingine.

Anza na shingo. Bonyeza uzi mnene wa E kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja. Uzi uliobanwa hivyo umekuwa rula yako. Tazama mwanya kati yake na freti ya 7, ujaribu kupitisha pale ule uzi wa 0.010. Ukipita kwa kugusa kidogo tu, shingo ni nzima. Ukipita ukiyumba kama mlevi barabarani, shingo imepinda mbele. Ukigoma kabisa na hakuna mwanya wowote, shingo imenyooka mno au imebinuka nyuma.

Sasa rudia kipimo hicho hicho upande wa pili, kwenye E nyembamba. Hatua hii watu huiruka, na kwenye gitaa hili ndiyo yenye habari. Vyuma viwili vinalala sambamba, kimoja upande wa besi, kingine upande wa nyuzi nyembamba. Vipimo viwili vikilingana, shingo imepinda sawasawa. Visipolingana, shingo imejisokota, na sababu ya kawaida kabisa si mti kuzeeka, ni mtu aliyewahi kukaza nati moja akaiacha nyingine.

Niliwahi kuletewa F-412 na kijana wa kwaya aliyeambiwa shingo imekufa na hakuna la kufanya. Upande wa besi mwanya ulipitisha nyuzi mbili zilizobebana. Upande wa nyembamba hapakuwa na mwanya hata wa karatasi. Nati moja ilikuwa imekazwa mpaka mwisho, ya pili inazunguka kwa vidole. Sikubadilisha chochote. Nililegeza ile, nikakaza hii, kidogo kidogo, siku nne. Siku ya tano alikuja kulichukua, na kilichobaki ni msokoto mdogo ambao huusikii ila ukiutafuta.

Namna ya kufanya ni hii. Legeza nyuzi zote sauti mbili tatu ili chuma kisipigane na mzigo. Weka alama ya penseli kwenye kila nati ujue ilipoanzia. Kuzungusha kulia hukaza na kurudisha shingo nyuma. Kushoto huiachia mbele. Kama vipimo vya pande mbili vililingana, zungusha nati zote mbili kiasi kilekile, sehemu moja ya nane ya mzunguko na si zaidi. Tyuni tena, liache lilale usiku mmoja, pima kesho. Kama havikulingana, shughulikia upande wenye kosa tu. Nati isiyotaka kuzunguka uiache. Usiiongezee mpini wa bomba. Chuma kikikatika ndani ya shingo, kukitoa ni kazi ya kubandua mbao ya vidole, ile iliyobeba freti. Na spana iwe ya kuingia barabara, maana nati iliyomomonyoka pembe ni taabu ya peke yake.

Shingo ikiwa sawa na nyuzi bado ziko juu, tazama pembe yake. Laza rula juu ya freti katikati ya shingo na uisogeze mpaka ifike kwenye daraja, ile mbao ya usoni inayoshika nyuzi. Rula ikipita usawa wa mgongo wa daraja, pembe ni nzuri. Ikigonga mbao ya daraja chini ya mgongo wake, mzigo wa miaka umeivuta shingo mbele pale inapoungana na mwili, na vyuma viwili havina msaada wowote hapo. Kuzidi kuvikaza ni kama kufunga bandeji gotini wakati jeraha liko kiwikoni. Dawa ni kung'oa shingo, kuchonga kiungo na kuigundisha upya. Guild walikuwa wakipaka vanishi shingo ikiwa imeshagundishwa, hivyo vanishi imepita juu ya kiungo bila mpaka. Fundi asiyelijua hilo huvuta shingo na kuondoka na vipande vya rangi. Muulize kabla hujamkabidhi: utaikata vanishi kwanza? Akikutazama kama hujui unachosema, chukua gitaa lako.

Chanzo cha tatu ni uso kuvimba nyuma ya daraja. Uvimbe mdogo ni wa kawaida, na gitaa la nyuzi 12 lisilo nao kabisa hulitilia shaka. Kinachotisha ni uso ulioinuka nyuma ya daraja na papo hapo kudidimia mbele yake, kuelekea tundu la sauti. Hapo daraja linapinduka, na mara nyingi ubavu wa ndani umeachia gundi.

Cha nne ni hewa. Magitaa haya yanapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika utapata hata 80. Sprusi ya uso hunywa maji ikavimba. Mgongo wa tabaka karibu haubadiliki. Basi uso hauna pa kwenda ila juu. Ukiona nyuzi zimepanda Aprili, subiri. Weka gitaa ndani ya kasha pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, upime tena baada ya wiki mbili. Mwenye kiyoyozi ana ugonjwa wa kinyume: hewa kavu hushusha nyuzi na, ikizidi, hupasua uso. Asilaze gitaa mkabala na mdomo wa kiyoyozi.

Mambo yote yakiwa sawa, urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12 ukiwa milimita 2 upande mwembamba na 2.5 upande wa besi, hilo ni gitaa la kupigika saa tatu bila kulalamika.

Linalia kama nyuki

Usiulize kwa nini kabla hujajua wapi. Piga kila freti ya kila jozi, polepole, uandike.

Likilia nyuzi zikiwa wazi tu na likanyamaza ukibonyeza, mfereji kwenye mfupa wa juu (ule ulio kati ya kichwa na shingo) umechimbika. Likilia freti za mwanzo tu, 1 hadi 4, shingo imenyooka mno: legeza vyuma vyote viwili kidogo. Likilia freti moja tu, tazama freti inayofuata mbele yake, huyo ndiye aliyenyanyuka. Likilia kuanzia ya 12 kwenda juu, mbao ya vidole imeinuka pale shingo inapoingia mwilini, na hiyo ni kazi ya kusawazisha freti.

Lakini nyuzi 12 zina nyuki wa aina yake ambaye wa nyuzi sita hawamjui. Jozi zikikaribiana mno, nyuzi zake hugongana zenyewe kwa zenyewe unapopiga kwa nguvu, na sauti yake haitofautiani na ya freti. Mtihani ni rahisi: zuia uzi mmoja wa jozi kwa ncha ya kidole, piga mwenzake. Nyuki akifa, freti hazina kosa. Chanzo ni mifereji ya mfupa wa juu iliyochongwa karibu karibu, au mtu alibadilisha mfupa akapima kwa jicho. Tazama pia vimo: kwenye jozi nne za besi uzi mnene umeambatana na mwembamba, na migongo yao inatakiwa ikaribiane usawa chini ya kidole. Mwembamba ukizama, unabonyeza mnene peke yake na mwenzake analialia.

Kitu kinachakacha ndani

Kwenye magitaa mengi mshukiwa wa kwanza ni ubavu wa mgongo ulioachia. Kwenye F-412 mfute kwenye orodha, hayupo. Ndio raha ya mgongo ule. (Mwenye F-512 asifuate hili. Hiyo ni ndugu yake ya rozwudi, mgongo wake ni bapa na una mbavu kama kawaida.)

Wanaobaki ni hawa. Mbavu za uso, zile zinazopishana kama herufi X chini ya daraja: gonga uso kwa kifundo cha kidole ukizunguka, na pale sauti inapobadilika kutoka ngoma kuwa debe, ingiza kioo na tochi, jaribu kupitisha karatasi kati ya ubavu na uso. Ikiingia, umempata. Kisha pete za mashine za kukazia nyuzi. Ziko 12, na moja ikilegea hutoa sauti inayoonekana kutoka tumboni. Kisha kifuniko cha vyuma vya shingo, hasa kama ulikifungua wiki iliyopita ukasahau skrubu moja. Kisha ncha za nyuzi zilizoachwa ndefu. Ukingo wa mgongo nao ugonge, kwani tabaka huweza kuachana na pande pale zilipounganishwa. Hili hutengenezeka kwa gundi ya mbao na klampu, halina haja ya hofu.

Mwisho jikague mwenyewe. Nimewahi kupoteza saa nzima nikitafuta mchakacho ambao ulipotea kila nilipolishika mimi. Mgongo uliobinuka unakaa tumboni mwa mpigaji, na huyu bwana alikuwa na bizimu kubwa la mkanda wa suruali.

Halikai kwenye tyuni

Watu hukimbilia kununua mashine mpya. Mara nyingi mashine hazina kosa. Sikiliza unapokaza: uzi ukibaki palepale halafu ukaruka kwa mlio wa "tik", umenasa kwenye mfereji wa mfupa wa juu. Toa uzi, chora ndani ya mfereji kwa penseli laini, rudisha. Unga wa penseli ni mafuta tosha. Pia hesabu mizunguko kwenye nguzo ya mashine: miwili mitatu iliyopangwa kwenda chini inatosha, na chungu iliyopandiana itateleza hadi uzeeke.

Kama likiwa wazi linalingana lakini ukipanda freti ya 12 jozi moja inagombana, kumbuka kwamba uzi mnene na mwembamba wanakaa juu ya mfupa mmoja wa chini, ule wa darajani, na kila mmoja angetaka mfupa wake usogee mahali tofauti. Hilo ni suluhu ya pande mbili tangu kiwandani kwa kila gitaa la aina hii. Unaweza kulipunguza kwa kuchonga mfupa upya na kwa kushusha nyuzi, kwa sababu uzi ulio juu huvutika zaidi ukibonyezwa. Kulimaliza kabisa, hapana.

Uzi wa G mwembamba unakatika kila wiki

Kwenye jozi ya tatu, G mnene anaambatana na G wa oktava, mwembamba wa 0.008 au 0.009. Huyu anatyuniwa juu kuliko hata uzi wa kwanza, nusu sauti tatu zaidi ya E, kwenye shingo yenye urefu wa uzi wa takriban sentimita 65. Anaishi ukingoni. Basi usimlaumu kabla hujaangalia mahali alipokatikia. Akikatikia kwenye nguzo ya mashine, tundu la nguzo lina ukali. Pitisha humo uzi mzee wa besi mbele nyuma kama msumeno. Akikatikia kwenye mfupa wa chini, ulaze ukingo kwa msasa mlaini sana. Akikatikia kwenye gololi yake, kile kijipira cha chuma mwishoni mwake, shida iko chini ya daraja, na tutafika huko.

Kama anakatikia hewani wakati wa kukaza, jibu langu ni moja, na sioni aibu kulirudia kwa kila mwenye nyuzi 12 la zamani: shusha gitaa zima sauti moja, kutoka E hadi D, ufunge kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya 2 unapotaka E. Mvuto unapungua karibu moja ya tano. Uzi wa G anapumua, shingo inapumua, na uso unaacha kuvimba. Sauti ya chini ya D kwenye jumbo lenye mgongo wa kuba, kwa sikio langu, ni tamu kuliko ya E. Baada ya kushusha, pima mwanya wa shingo upya, maana vyuma vilikuwa vimepangiwa mzigo mkubwa zaidi.

Daraja linainuka, gololi zinapanda

Pitisha karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia milimita moja mbili, ifuatilie kila mwezi. Ikiingia mpaka karibu na vigingi vinavyobana nyuzi darajani, shusha nyuzi leo, usingoje Jumamosi. Daraja hutolewa kwa joto, vanishi na gundi ya zamani husafishwa, hugundishwa mbao kwa mbao. Supa gluu iliyomiminwa kwenye ufa haishiki, na inamfanya fundi atakayefuata atukane.

Ingiza kioo chini. Kibao cha ndani kinachobeba gololi kina matundu 12 yaliyobanana, na nyuzi za miaka mingi hulafua mbao kati ya tundu na tundu. Ukiona sehemu ya uzi iliyosokotwa mara mbili, ile ya karibu na gololi, imepanda hadi juu ya mfupa wa chini, gololi imezama ndani ya kibao. Fundi anaweza kuziba kila tundu kwa mbao ngumu na kulitoboa upya bila kung'oa kibao.

Daraja likiwa limepasuka na linahitaji jipya, tuna bahati. Kamusi zetu huita ebony ya Wazungu kwa jina la mpingo, lakini mpingo wetu, ule wa wachongaji wa Kimakonde, ni Dalbergia melanoxylon, yaani ni wa ukoo wa rozwudi. Ni mgumu na mzito wa kutosha kwa daraja la nyuzi 12. Chagua kipande kikavu, kilichokatwa miaka kadhaa iliyopita. Cha juzi kitajipinda na kubandua gundi.

Rangi inachanika, ukanda wa pembeni unatoka

Vanishi ni ya nitroselulosi. Mistari myembamba kama utando wa buibui ni umri, iache. Kinachoharibu kweli ni vitakasa mikono vyenye spiriti, na stendi zenye raba laini, ambazo hula vanishi na kuacha alama isiyofutika. Vishe vitambaa vya pamba. Ukanda mweupe wa pembeni hunywea na uzee, ukavutika mpaka kuachia kwenye kiuno cha gitaa. Ukiwa umeachia sentimita mbili tatu, hurudishwa kwa gundi kidogo na tepu ya karatasi kwa usiku mmoja. Tepu ya nailoni itang'oa vanishi, na ya karatasi yenyewe ibandue polepole, ukiivuta kufuata mshipa wa mbao.